Msuko Uliokatwa Darasani

Juzi shule ya mwanangu ilituita wazazi kutuelezea mpango mpya. Binti mmoja mwalimu, suruali imepigwa pasi mpaka inang'aa, alisimama mbele yetu akasema siku hizi mtoto akimkosea mwenzake harudishwi tu nyumbani. Wanakalishwa pamoja, wanaulizwa kilichotokea, nani ameumia, na nini kifanyike ili waweze kukaa darasa moja tena. Wazazi wakaguna. Baba mmoja nyuma yangu akasema zamani kazi hiyo ilifanywa na fimbo na ilikwisha haraka. Watu wakacheka, nami nikacheka, ila changu kilikuwa kicheko kingine. Nilitaka kuinua mkono niseme: dada yangu, huo mpango wako si mpya hata kidogo, mimi nimeukalia nikiwa darasa la sita, mtaa wa Malvern, nimeshika mpira wa tenisi, na kichwani nina pengo.

Sikusema. Mikutano ya Joburg kila mtu anawaza foleni ya kurudi nyumbani. Lakini nilipofika kwangu sikushika kazi yoyote. Nilikaa jikoni nikaikumbuka Jules Street, barabara ya mtaa ule, mpaka chai ikapoa, nikajionea huruma kama mzee, na uzee wenyewe bado.

Tulihamia Malvern, hapa Joburg, mimi na Baba peke yetu. Baba alikuwa amepata kazi ya uhasibu katika ofisi moja ya Sandton, na Mama alibaki Nakuru kwa sababu Nyanya, mama yake, alikuwa amepooza upande mmoja na hakuna mtu mwingine wa kumgeuza kitandani. Ilisemwa Mama atafuata. Kila Jumapili jioni alipiga simu, akaniuliza habari za shule na za baridi, nikamjibu nzuri, kisha simu ikarudi kwa Baba. Nilikuwa mtoto mkubwa sasa, waliniambia. Nilikubali, kwani ningefanyaje?

Tatizo lilikuwa kichwa. Nina nywele nyingi, ngumu, za ukoo wa Mama, na Baba, ambaye aliweza kusawazisha hesabu za kampuni nzima, hakuweza kusawazisha kichwa cha mtoto mmoja. Asubuhi alinishika katikati ya magoti yake, kitana mkononi, tai shingoni, akaanza kuchana kutoka kwenye shina. Jamani! Mtu anachana kutoka kwenye ncha, hilo hata ng'ombe analijua. Nililia, naye akaomba msamaha kwa kila kitana, mwisho tukafunga kitu kama kifundo cha kamba, nikaenda shule nikiwa nacho utosini. Watoto walinitania vya kutosha.

Aliyeniokoa ni msichana aliyekaa dawati la pembeni yangu. Wazazi wake walitoka Bukavu, yeye alizaliwa hapa. Kiswahili alikielewa chote, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza au Kizulu, utadhani ana mfupa kooni. Siku ya pili aliniangalia kile kifundo, akasema mama yake ni msusi na anaweza kunifanya nifanane na binadamu. Tukawa marafiki hapo hapo.

Mama yake nilimwita Tantine, kama watoto wa Kikongo wanavyowaita shangazi na mama wadogo. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kwenye Jules Street, karibu na roboti, maana huku taa za barabarani ndizo roboti. Upande mmoja fundi cherehani, upande mwingine muuza makava ya simu, na katikati Tantine, mwanamke mnene, mkali, mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya barabara bila kusimama. Nywele za bandia alizinunua kwa jumla Fordsburg, na aliporudi alizitundika ukutani kwa rangi zake. Baba alinipeleka Jumamosi ya kwanza kwa aibu, akiwa amevua kofia. Tantine alinitazama kichwani, akamtazama Baba, akapiga makofi mara moja.

"Mungu wangu! Papa, weye ulikuwa napigana na huyu mutoto?"

Tangu hapo kila Jumamosi ilikuwa ya Tantine. Nilikaa chini kwenye mkeka, mgongo umeegemea paja lake, akanifumua msuko wa wiki iliyopita, akanipaka mafuta, akanichana taratibu kuanzia nchani. Aliimba nyimbo za kanisani kwao, nusu Kiswahili nusu Kifaransa. Aliniita sheri, yaani mpenzi kwa Kifaransa chao. Akiniona nimesinzia alikiegemeza kichwa changu gotini akaendelea kusuka. Mikono yake ilinukia mafuta ya nazi na sabuni. Sitadanganya: nilikuwa nikiingoja Jumamosi tangu Jumatatu. Wenzangu walikuwa na mama siku saba, mimi nilikuwa naye siku moja, wa kuazima, na nilitosheka. Rafiki yangu siku hizo alifagia saluni, alitumwa chai, alitumwa uzi, alitumwa chenji. Sikumwona. Namaanisha nilimwona, lakini sikuwahi kujiuliza kwa nini Jumamosi haongei.

Nakumbuka hata kelele za pale: teksi zikipiga honi, fundi cherehani akibishana na redio yake, wateja wakimsema mwanamume fulani wa kanisani mpaka Tantine awakemee kwa sababu kuna watoto, kisha yeye mwenyewe aulizie zaidi. Eish, natamani nipite hapo tena nikiwa mfupi vile vile.

Sasa, kisa chenyewe. Ilikuwa kipindi cha kazi za mikono, tunakata karatasi za rangi. Nilikuwa nimesukwa vizuri kuliko siku zote, misuko mirefu myembamba yenye shanga nyeupe nchani, na asubuhi ile kila mtu alinisifu, nami nikatikisa kichwa makusudi ili shanga zilie. Rafiki yangu siku hiyo alikuwa amekaa nyuma yangu. Nikasikia kitu kinavuta, kisha sauti ya mkasi, kisha wepesi. Nilipogeuka alikuwa ameshika msuko wangu mmoja mkononi, ameutoa karibu kabisa na ngozi, na uso wake umeshtuka kuliko wangu.

Nilimrukia. Sikungoja maelezo. Walitutenganisha, na mkubwa wa shule akasema mkasi ni silaha, huyu msichana asimamishwe masomo, na huenda akahamishwa kabisa.

Hapa ndipo wazee wetu walipofanya walichojua kufanya. Jumapili mchana, baada ya kanisa, Tantine alikuja kwetu amevaa kitenge chake kizuri, ameandamana na mzee wa kanisa lao, amebeba soda na kuku mzima aliyefungwa miguu. Kwao huendi kuomba radhi mikono mitupu, na huombi radhi na kuku wa friji. Walikaa sebuleni. Mzee akasema maneno marefu, Baba naye akasema yake, kwamba watoto ni watoto na wagombanao ndio wapatanao. Wakasali. Wakanywa soda. Sisi wawili tulisimamishwa kando ya mlango wa jikoni, na mwishoni tukaitwa tushikane mikono. Mkono wake ulikuwa baridi. Tukaambiwa yamekwisha.

Yamekwisha! Kuku alikaa bafuni kwetu akinipigia kelele kila nikipiga mswaki, na Jumamosi iliyofuata nilipofika saluni, rafiki yangu alisimama mlangoni na ufagio akasema kwa Kiingereza kwamba sitaingia. Tantine akamfokea. Mimi nikageuka nikakimbia nyumbani. Nililia njia nzima mbele za watu, na msuko mmoja ukikosekana pengo lilionekana hata kwa mwenye spaza, kiduka cha mtaani, akaniuliza panya wamenifanya nini.

Nilijua ninachopoteza. Si nywele. Nywele zinaota. Nilikuwa napoteza lile paja, ile mikono, ile sheri, na nyumbani palikuwa na Baba na kitana chake. Nilimchukia yule msichana kwa chuki safi kabisa, na nilikuwa nimekwisha kumtafutia adhabu: asafishe vyoo vya shule mpaka mwisho wa muhula, kila siku, na mimi nisimame mlangoni nikitazama.

Mwalimu wetu wa darasa alikuwa mama mtu mzima, Mzulu, mwenye sweta la rangi ya haradali ambalo hakulivua hata joto liwe vipi. Alimwomba mkubwa wa shule amwachie jambo hili kabla ya kumhamisha mtu. Akatuita baada ya masomo: mimi, rafiki yangu, Baba aliyetoroka kazini, na Tantine aliyefunga saluni siku ya kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata alipougua. Viti vilikuwa vimepangwa duara, vile vidogo vya darasani, na Tantine alipokaa kiti kikalalamika.

Kabla mwalimu hajafungua mdomo Tantine alisimama, akasema kwa Kizulu chake cha sokoni kwamba wasisumbuke, wao wamekwisha kusameheana, kuku ameletwa na amepokewa. Baba akaitikia kwa kichwa. "Kweli kabisa," akasema. "Sisi tumemaliza."

Mwalimu akatabasamu. "Nimefurahi," akasema. "Ninyi mlikosana nini?"

Wakatazamana. Hawakuwa wamekosana kitu.

"Basi leo tuwasikie waliokosana," akasema, akatoa mfukoni mpira wa tenisi uliopauka. Sheria ilikuwa moja: anayeushika ndiye anayesema, wengine wote kimya, wakubwa kwa wadogo. Tantine aliutazama ule mpira kama mtu aliyepewa mfupa ale. Kwao mtoto hasemi mbele ya wakubwa. Mzazi ndiye humwombea msamaha, na akishaombewa basi.

Mwalimu akampa rafiki yangu kwanza. Hakumuuliza kwa nini ulifanya ubaya. Alimuuliza, "Ilikuwaje? Ulikuwa unawaza nini wakati ule?" Kisha akangoja. Baba akaanza kukohoa kohoa. Rafiki yangu alizungusha mpira mkononi, macho chini, halafu akasema kwa Kiingereza, harakaharaka. Tantine akawa anatutazama midomo, maana Kiingereza chake kilikuwa cha dukani tu, cha bei na rangi. Mwalimu akamwomba Baba amtafsirie. Baba akaomba kwanza apewe mpira, mhasibu ni mhasibu, akaushika kwa mikono miwili.

"Anasema," Baba akaanza, akasita. "Anasema Jumamosi unamshika huyu kichwa taratibu. Unamwimbia. Unamwita sheri. Yeye unamsuka Jumapili usiku umechoka, unamvuta, akisema anaumia unampiga kitana begani. Anasema..." Baba aliushusha mpira magotini. "Anasema, na huyu hata si mtoto wake."

Ndipo nilipokitazama kichwa cha rafiki yangu, kwa mara ya kwanza nadhani. Mistari minne minene, imesukwa kwa kukimbiza, na nyuma ya sikio kipande kimesahauliwa kabisa. Baba baadaye alisema kinyozi hajinyoi, akidhani amelimaliza jambo kwa methali. Mimi niliona haijamaliza kitu. Ilikuwa imelieleza tu.

Tantine hakungoja mpira. "Miye nilikuwa natafuta chakula yake," akasema. Sauti yake kubwa ilikuwa imepotelea wapi sijui. "Mutoto ya wenyewe ana haraka, baba yake anamungojea. Wangu atangojea. Ataenda wapi?" Akalirudia hilo la mwisho, kana kwamba analisikia kwa mara ya kwanza. Kisha akajifunika uso na ncha ya kitenge. Rafiki yangu akaanza kulia kwa kumwona mama yake analia, na mwalimu akawaacha walie. Hakumwambia mtu anyamaze. Alitoa tu karatasi za choo kwenye mkoba, maana ndizo alizokuwa nazo, akazipitisha.

Mpira ukaja kwangu. "Na wewe?" mwalimu akasema. "Wewe ndiye uliyekatwa. Unahitaji nini?"

Vyoo vilikuwa tayari ulimini mwangu. Nilivipanga wiki nzima. Lakini hakuwa ameniuliza ninataka kumfanya nini mwenzangu, aliniuliza ninachohitaji, na hayo kumbe ni maswali mawili. Nikasema, "Nahitaji Jumamosi." Nikaona haya, nikaongeza, "Nakaa vizuri nikiwa pale." Baba aligeuka akanitazama. Sikumtazama.

Rafiki yangu aliupokea mpira akiwa bado anafuta kamasi. Alisema samahani, na safari hii hakuna aliyemwambia aseme. Kisha akasema anachohitaji yeye: aanze yeye. Jumamosi, mchana, kwenye kiti cha wateja, watu wakiona. Mwalimu akaniuliza kama nitaweza kungoja. Nikasema nitaweza. Ilinichoma, lakini nilisema. Hakuhamishwa shule.

Jumamosi hiyo nilikaa kwenye benchi. Tantine alimkalisha binti yake kwenye kiti, akamfunga taulo, akaanza kumfumua. Wateja wawili waliingia wakakuta mtoto kitini, wakaguna, mmoja akaonyesha saa. Tantine akamjibu bila kugeuka: "Ngoja. Huyu ni mteja." Akachana kuanzia nchani. Kwanza rafiki yangu alikaa amekakamaa, mabega juu, anangoja kuvutwa. Hakuvutwa. Mabega yakashuka kidogo kidogo, macho yakalegea, na mama yake akaanza kuimba wimbo ule ule ambao mimi nilijua ni wangu.

Nilidhani nitaona wivu, na niliuona, wacha nisijifanye malaika. Lakini chini ya wivu palikuwa na kitu kingine. Nilikuwa naona kwa mbali jinsi mtu anavyoonekana akishikwa kichwa na mama yake mwenyewe. Hakuwa anasema asante, hakuwa anajibana asimsumbue mtu. Alikuwa amelala tu pale, mzito, mwenye haki. Mimi kwa Tantine sikuwahi kukaa hivyo, hata siku moja. Zamu yangu ilipofika Tantine alinipokea vilevile kwa upole, akaniziba lile pengo kwa ustadi mpaka huwezi kujua, na rafiki yangu akakaa karibu akichagua shanga. Alizichagua za bluu. Tukacheka jambo fulani ambalo sasa silikumbuki, na ninasikitika kwamba silikumbuki.

Jumapili jioni Mama akapiga simu. Akauliza shule, nikasema nzuri. Akauliza baridi, nikasema imeanza. Akasema haya, nipe Baba. Baba alikuwa jikoni anakoroga ugali, amenyoosha mkono kuipokea. Sikumpa.

"Mama," nikasema, "nakuhitaji huku."

Nikasikia redio ya Nyanya kwa mbali. "Nilidhani umezoea," Mama akasema. "Baba yako aliniambia umezoea."

"Hakuniuliza."

Mwiko wa Baba ulisimama ndani ya sufuria. Mama akavuta pumzi ndefu. "Basi nakuuliza mimi," akasema. "Niambie." Nikamwambia mpaka salio likaisha, akapiga tena, nikaendelea. Baba alikaa chini sakafuni karibu nami na ugali ukaungua, hakuna aliyejali.

Mama na Nyanya walikuja wote wawili kabla mwaka haujaisha. Nyanya alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu kutoka uwanja wa ndege, amefungwa shuka mbili na kofia ya sufu, anashangaa magari. Baba akainama kumwomba radhi, akasema laiti tungejua kwamba angekubali kusafiri, tusingetengana muda wote ule. Nyanya akamtazama kwa lile jicho lake zima.

"Mlikuwa mkiongea juu ya kichwa changu kila Jumapili," akasema. "Mimi nilikuwa nangoja mniulize."